Mkate wa Biddy Usio na Msalaba

Mkate wa Lorcan, mwanangu wa pekee, umewafanya watu wa parokia nzima kulamba vidole, na Carmel Looby mwenyewe, ambaye mkate wake wa magadi umetawala meza za huku tangu mimi sijaolewa, ameomba kipande cha pili mbele ya mashahidi! Haya, limeshatoka, sasa naweza kusalimia kama mtu mwenye adabu. Mpendwa mshauri, Bi Nora, hujambo, mimi ni mjane, naishi nje kidogo ya mji wa Templemore, ukurasa wako nausoma kila wiki kabla hata ya matangazo ya vifo, na leo naomba msaada kwa sababu nina furaha kubwa na imenikwama kooni, haipandi wala haishuki.

Lazima nianze na mbwa, maana bila mbwa hakuna mkate. Lorcan alikuwa dereva wa lori la maziwa na hakuwahi kulikwaruza hata kidogo, muulize mtu yeyote, na mwalimu wake wa shule ya msingi aliniambia kwa mdomo wake kuwa yule mtoto ana akili ya kutosha watoto wawili, lakini uchumba wake ulivunjika, simtaji huyo msichana, nasema tu alikuwa na midomo myembamba, basi Lorcan akarudi nyumbani akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikawa namwekea sahani mlangoni kama tarishi, mwanamume mzima mwenye ndevu. Ikaendelea hivyo mpaka siku moja akatoka akasema, "Mama, kuna mgeni anakuja kukaa."

"Mgeni gani?"

"Ana miguu minne."

Kumbe alikuwa amejiandikisha kwenye chama kinachookoa mbwa wa mbio, wale wakishamaliza kukimbia viwanjani hawana pa kwenda, basi chama kinawatafutia nyumba za kudumu, na nyumba isipopatikana upesi wanalelewa kwanza kwa watu kama sisi. Ndivyo alivyokuja Biddy. Jina lake la uwanjani lilikuwa refu kama anwani, kwetu ni Biddy. Ni mweusi, mrefu, kifua kama meli na kiuno hakuna. Alikuwa hajawahi kuishi ndani ya nyumba, ngazi hazijui, alisimama chini akizitazama mpaka Lorcan akampandisha mguu mmoja baada ya mwingine, mlango wa kioo aliupiga kwa pua, na mvua haitaki kabisa, anatoa kichwa nje, anakirudisha, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeimwaga. Sasa Bi Nora, hapa kwetu mvua haikatiki, mbwa asiyeitaka atajisaidia lini?

Kubwa zaidi hakutaka kula. Chakula kikavu cha gunia alikinusa akageuza uso, na mbavu zilikuwa tayari zinahesabika. Lorcan akaenda kwa mzee Mossie Quirke, jirani yetu wa juu barabarani, ndiye aliyemfunza Biddy mbio. Watu walimwambia asiende, Mossie atamtimua, maana wafunzaji na watu wa chama hawapikiki chungu kimoja. Akaenda. Akamuuliza, "Mzee, ulikuwa unamlisha nini?"

"Mkate, kijana. Mbwa wangu wote wamekula mkate, na mchuzi juu yake. Peg ndiye alikuwa anaoka, Mungu amlaze pema. Tangu aondoke na mimi sijafuga tena."

Na palepale akamtolea bati za kuokea za marehemu mkewe na kuanza kumfundisha. Mkate wa kwanza Lorcan aliukanda jikoni kwetu kwa nguvu zake zote kama alivyoona kwenye televisheni, na mkate wa magadi haukandwi, unachanganywa kwa vidole vilivyotawanywa, upesi, kisha unauacha. Ule wa kwanza mpaka leo unazuia mlango wa banda la kuku. Mossie aliugonga kwa kidole akasema, "Huu usimpe mbwa, mpelekee fundi mwashi." Lakini mwanangu, na hapa sijisifu nasema ukweli, akishika jambo haliachi. Akajua unga wa ngano usiokobolewa ni kiasi gani, pumba kiasi gani, maziwa ya mtindi yawe yamechacha vipi, mafuta ya nyama badala ya siagi, chumvi asitie. Na msalaba asikate. Unajua kila nyumba huku tunakata msalaba juu ya mkate kabla ya kuutia ndani ya jiko, lakini Peg mkate wa watu aliukata na wa mbwa aliuacha wazi, ili watoto wake wasije wakachanganya. "Mbwa hawana dini," Mossie alimwambia.

Biddy akala. Akanenepa. Siku moja nikaonja mimi, na siagi nyingi na chumvi juu, na Bi Nora, nilikaa chini. Sijawahi kula mkate kama ule, na nimekula mikate mingi, nikitazamwa hilo linaonekana. Basi Jumapili nikachukua miwili nikaipeleka ukumbi wa parokia kwa chai ya baada ya Misa, ikaisha watu bado wana vikombe mkononi. Carmel akanyanyua kipande cha mwisho, akakigeuzageuza.

"Assumpta, mpenzi, mbona hauna msalaba? Au kwenu siku hizi mnaoka bila Mungu?"

"Ndio mtindo wetu kina Hackett," nikamwambia. "Tangu enzi za bibi yake Lorcan."

"Bibi yake yupi? Yule aliyekuwa ananunua mkate dukani kila Ijumaa?"

"Ule ulikuwa wa kulisha ndege."

Watu walicheka, na mimi nilishinda, maana alikula. Lakini Lorcan alikuwa amesimama nyuma yangu na tulipofika nyumbani akasema, "Mama, mkate ule si wetu." Nikamwambia mwanangu acha haya, unyenyekevu ukizidi ni ugonjwa. Akasema, "Tena ni wa mbwa." Nikasema mbwa hajalalamika. Akasema, "Mzee Mossie atakuja kwenye Misa ya nyumbani. Ukisema tena mbele ya watu kuwa ni mkate wa kina Hackett, sioki. Natundika daruga."

Sasa ndilo tatizo lenyewe. Misa ya nyumbani huzunguka kwa zamu, na safari hii imetufikia sisi, mara ya kwanza tangu baba yake Lorcan afariki, padri atakuja sebuleni kwangu na nyumba zote za barabara yetu zitakuja, nimepaka rangi ukumbi wa nyumba, nimefua mapazia, na nimewaahidi watu wote mkate wa Lorcan. Misa ni Alhamisi. Lakini Biddy amepata nyumba, mama mmoja na binti yake huko Dungarvan, watu wazuri, wana bustani yenye ukuta, na wanamchukua Jumapili kabla ya Alhamisi hiyo. Lorcan anaoka kwa ajili ya Biddy, Biddy hayupo, mkate haupo, naona aibu hata kuandika. Kwa hiyo nimefikiri niwapigie simu watu wa chama niseme Biddy anachechemea, asubiri wiki mbili. Si uongo moja kwa moja, kwa sababu Biddy hunyanyua mguu akitaka biskuti. Je, ni vibaya? Na je, ni lazima watu waambiwe kuwa walichokula ni chakula cha mbwa, hali wamekifurahia na hakuna aliyeumwa tumbo?

Kuna jambo jingine, si muhimu. Siku hizi Lorcan anakula jikoni pamoja nami. Akichanganya unga anaimba, hajui kuimba, alirithi kwa baba yake. Na mlango wa chumba chake uko wazi mchana kutwa, kwa sababu Biddy hapendi mlango uliofungwa. Ni hilo tu.

Chapa jina langu kamili, na la Lorcan kwa herufi kubwa. Habari ya mbwa uiache.

Wako mama mwenye bahati,
Assumpta Hackett

*

Assumpta,

Nilikupigia simu kukuuliza nichapishe nini, kwa sababu ukiondoa mbwa katika barua yako zinabaki salamu. Ulipuliza pua, ukasema, "Chapa yote basi, ila jina la LORCAN usilikosee." Sijalikosea.

Hongera kwa mkate. Sasa weka simu ya chama mbali. Biddy hachechemei. Wewe ndiye unayetaka kumchechemesha. Ukisema mguu unamuuma, chama kitamleta daktari wa mifugo, daktari atampapasa mguu mzima, na huko Dungarvan yule binti, ambaye huenda amekwisha kutandika kitanda cha mbwa kando ya chake, ataambiwa angoje, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya chai yako. Mbwa huyo amekimbizwa maisha yake yote kwa faida ya watu wengine. Amefika. Mwache afike.

Kuhusu mkate, maneno ya mwanao umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuyasikia. Hakusema bila Biddy hakuna mkate. Alisema ukiuita tena mkate wa kina Hackett, haoki. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeshika lile lisilokuhusu. Fikiri kidogo. Mossie Quirke ataketi kwenye kiti chako Alhamisi. Atapewa kipande. Atauma, na mdomoni mwake utakuwa mkate wa marehemu mkewe, ambao hajaula wala kuunusa nyumbani kwake tangu amzike. Kisha atakusikia ukimwambia padri kuwa ni wa mama mkwe wako, mwanamke ambaye Carmel alimwona na mkate wa dukani. Lorcan ameiona aibu hiyo kabla haijafika. Mwalimu wake wa shule ya msingi hakukudanganya.

Ndiyo, ni lazima waambiwe, na gazeti hili limeshawaambia. Hawatadhurika. Wamekula unga, pumba na mtindi, na nimeona vibaya zaidi ya hivyo kwenye chai za parokia.

Na lile ulilosema si muhimu nimelisoma mara mbili. Huogopi kukosa mkate, mama. Unaogopa Jumapili jioni, gari limeondoka na mbwa, na mlango wa juu unafungwa. Pole. Kwa hofu hiyo sikucheki hata kidogo. Lakini huwezi kumfanya mbwa kuwa kigingi cha kuzuia mlango, una mkate wa kwanza kwa kazi hiyo, na uko kwenye banda la kuku. Biddy aliufanya mlango ufunguliwe. Anayeuacha wazi kila asubuhi ni Lorcan. Huenda akaufunga siku moja mbili baada ya Biddy, hiyo ni huzuni ya kawaida, usimwekee sahani pale. Mwite mezani.

Utafanya hivi. Jumapili wale wa Dungarvan wasije kwako, Lorcan ampeleke Biddy mwenyewe, na mikate ndani ya kikapu, amfundishe yule mama kuchanganya kwa vidole vilivyotawanywa, aone kochi ambalo mbwa wake atalalia, miguu juu. Mtu aliyeona kochi hurudi nyumbani na amani. Akirudi, muulize kama anataka mbwa mwingine. Muulize, Assumpta, usimjibie. Na usiwapigie simu watu wa chama kwa niaba yake hata akichelewa kujibu.

Jumanne panda barabara uende kwa Mossie, wewe mwenyewe, usimtume Lorcan. Mwambie ulichosema ukumbini, pamoja na ule uongo wa ndege. Kisha muombe ruhusa mkate wa Peg uwekwe mezani kwako kwa jina la Peg. Akikataa, nunua keki, na ufunge mdomo. Sidhani atakataa.

Akikubali, Lorcan aoke miwili siku ileile ya Misa. Mmoja utiwe chumvi na ukatwe msalaba, huo ni wa watu. Mwingine uachwe wazi kama Peg alivyouacha, na uwekwe kando yake kwenye meza hiyohiyo, kila mtu auone. Kabla ya chai utasimama useme: "Mkate huu ni wa Peg Quirke. Ameuoka Lorcan." Sentensi mbili. Najua utatamani ya tatu. Imeze pamoja na chai. Mwanao hahitaji bibi wa kubuni, ameoka mkate uliomnyamazisha Carmel Looby, na hilo sasa limechapwa gazetini.

Carmel, najua unasoma, kata kipande chako cha kwanza kwenye ule usio na msalaba, utakuwa umetenda wema. Mzee Mossie, naambiwa macho yako hayataki tena herufi ndogo, basi aliye karibu nawe akusomee hapa: kiti chako ni kile kilicho kando ya jiko. Na nyumba zote za barabara ile, mnatarajiwa kwa kina Hackett, saa moja na nusu jioni, Alhamisi.