Mkanda wa Mgongo wa Rukia

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemfunga Rukia mkanda baada ya sala ya alfajiri. Plastiki ngumu, toka kwapani hadi nyonga, na joto hili la Wingwi. Binti yangu ana miaka kumi na nne, kibiongo kinamvuta mbele. Hakulalamika. Mimi ningeshautupa kisimani.

Alhamisi, 7 Agosti
Karafuu nyingi. Jioni sote mkekani, tunachambua. Na mkanda ule Rukia hawezi kuinama. Nikamwambia akapumzike. Akapindua kinu, akaweka ungo juu yake, akavuta kiti, akachambua mgongo wima. Katushinda sote. Jeuri ile naipenda.

Jumapili, 10 Agosti
Mama mkwe hautaki mkanda. Miaka yote akimsifia Rukia kwa kutembea ameinama. Haya na adabu ya mtoto wa kike, akisema, na majirani wakiitikia. Kumbe uti wa mgongo unapinda. Sasa ati tunamfunga mtoto kama mzigo.
Daktari wa hospitali ya Chake kasema wazi: mpindo ukizidi ni kupasuliwa, tena Dar. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti
Mama mkwe kaja na mkandaji. Chupa ya mafuta mkononi, amnyooshe mjukuu kwa goti. Moyo ulinipasuka. Lakini mkwe hajibiwi. Nikaingia jikoni, mlango nikauacha wazi.
Rukia akambusu bibi yake mkono. "Bibi, n'nakupenda, lakini mgongo huu una daktari wakwe." Kisha akamtandikia mkandaji mkeka, akamletea chai, akamwomba amkande bibi magoti, maana yanamuuma tangu juzi. Bibi akakandwa yeye. Akasinzia.
Nilicheka jikoni peke yangu mpaka machozi.

Jumanne, 19 Agosti
Kesho picha ya mgongo. Chakula hakipiti. Yeye kafanya mazoezi yake ukutani: visigino, mabega, kisogo. Kala, kalala. Ujasiri huu sijui kautoa wapi. Si kwangu.

Jumatano, 20 Agosti
Mpindo haukuzidi. Umepungua kidogo. Hapasuliwi. Mkanda mwaka mmoja zaidi. Alhamdulillahi. Aliyelia ni mimi.
Njiani kurudi tulishuka Konde kununua kitambaa cha sare. Dukani mna kioo kirefu. Tukasimama mbele yake, bega kwa bega. Bega lake lilikuwa juu kuliko langu.
Nilikuwa sijui kama mwanangu ameshanipita.