Kutoka Blantyre Hadi kwa Mama

Jumatatu, 7 Mei 2018. Ngonga

Mama hajala tangu juzi. Nesi kanivuta nje: kama kuna watu wa kuitwa, waiteni sasa. Nimewaita. Mdogo wangu Eliud yuko Dar. Kitinda mimba wetu, Hellen, yuko Blantyre kwa mumewe. Nimepiga hesabu — Dar hadi Blantyre ni karibu kilomita elfu moja mia tisa, na mama amelala katikati kabisa. Haki sawa! Lakini anayeulizwa ni mmoja tu. "Hellen kafika?" Mimi ndiye ninayemgeuza. Mimi ndiye ninayemfulia. Mimi niliyeishia darasa la saba nikabeba mchele kichwani ili Hellen asome. Jina langu hajalitaja.

Jumanne, 8 Mei

Eliud kapanda basi alfajiri. Hellen kapiga: kuna basi la saa kumi jioni na la saa tatu usiku, apande lipi? La saa kumi litamkimbiza, ana watoto wa kuwaacha kwa mtu. Nikahesabu. Kilomita 935, mwendo wa hamsini, saa kumi na tisa. La saa tatu litamfikisha mpakani saa kumi jioni. Geti linafungwa kumi na mbili. Nikamwambia panda la saa tatu, una saa mbili za ziada.

Kashukuru. Eti bila mimi angepotea.

Jumatano, 9 Mei. Asubuhi

Eliud kafika jana usiku, vumbi mpaka kwenye kope. Ananicheka: "Dada, wewe hata uji unaupigia hesabu!"

Nimemwambia mama, Hellen ni leo jioni. Kanishika mkono. "Ndaga fijo, Anyes." Asante sana! Miaka hamsini na moja naingoja hiyo asante. Imekuja kwa ajili ya Hellen. Nimelia hivyo hivyo.

Jumatano, jioni. Kasumulu mpakani, dukani kwangu

Tairi la basi lao lilipasuka Chilumba. Sikuogopa — ziada ipo.

Geti limefungwa. Tuntufye, yule mbadilisha fedha, kapita akifunga mkoba wake: "Dada Anyes, mgeni wako analala ng'ambo leo!" Mara simu. Hellen, anahema. Yuko ng'ambo ya daraja. "Dada, mbona wamefunga? Si ulisema kumi na mbili? Saa yangu inasema kumi na moja na ishirini!"

Saa ya Malawi. Iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na geti hufuata yetu.

Miaka kumi na tisa navuka mto huu na mizigo. Ukutani hapa juu ya kichwa changu kuna saa mbili, yetu na yao. Nilizitundika mwenyewe, wateja wasikose geti. Sijawahi kukosea. Hata mara moja! Nimekosea jana tu.

Nimekosea?

Neno nimeliandika mwenyewe. Nalitazama.

Geti hufunguliwa kumi na mbili asubuhi. Zimebaki dakika mia saba. Nesi hakusema mia saba.

Eliud kapiga. Mama anapumua kwa kukatakata, anauliza Hellen amefika wapi. Eliud akasema, usijali Dada, mama mwenyewe ametulia, anamwambia kila mtu vile vile — Anyes akisema jioni, ni jioni. Anyes hakosei.

Ng'ambo kule Hellen amewasha tochi ya simu. Anaipunga. Anadhani nitafanya kitu.