Kilo Sabini za Mama

Aarhus, Jumamosi, 14 Novemba

Kwa kaka yangu Eskild,

Pokea salamu za mdogo wako. Goti limepoa, au bado unalikokota mpaka bandarini? Mimi ni mzima kwa wanaonitazama tu, usingizi umenikimbia.

Kaka, uliniandikia kwamba tangu tumzike Mama hujaacha kuihesabu ile saa moja uliyochelewa kumpeleka hospitali alipoanguka. Acha, tafadhali, na usome hadi mwisho.

Unaijua kazi yangu: naandika programu za pampu zinazomtia mgonjwa dawa ya maumivu. Miaka mitatu iliyopita niliandika ile sehemu inayomuunda mgonjwa ndani ya kompyuta, yaani maelezo yake ambayo pampu hupimia kiasi cha dawa. Mwanzoni niliiandika kwa ukali: bila jina, umri na uzito, mgonjwa haundwi na pampu haiwaki. Mzee Preben, aliyenifundisha kazi, aliisifu. Alisema kitu kikizaliwa nusu, nusu iliyobaki itakuja kudai siku mbaya.

Lakini ukali ule uliangusha majaribio ambayo wenzangu hupimia programu zao, maana wagonjwa wao wa mfano hawakuwa na uzito. Na kwetu anayeangusha majaribio huleta keki Ijumaa. Nikaleta Ijumaa tatu mfululizo. Weee, walinisimanga! Mwenzangu Karna akaniuliza kama nimefungua duka la mikate; bosi akasema, bibie, legeza kamba, tunanenepa. Nikaona haya. Preben alipokwenda likizo, nikaandika: uzito usipotajwa, weka kilo sabini. Majaribio yote yakapita. Wakanipigia makofi, na mimi mpumbavu nikacheka nao.

Wiki hii nilipewa kumbukumbu za pampu nizikague, nikakuta jina la Mama. Siku ile wauguzi walikuwa na haraka, hawakujaza uzito, na programu haikuwauliza. Uzito: sabini. Kaka, Mama alikuwa na kilo arobaini na moja. Hakuuawa na saa yako. Dawa ilimzidi, akalala, pumzi ikakatika, tukaambiwa ni uzee. Aliyemuua ni mimi.

Ule mstari wa kilo sabini niliufuta siku ileile, na leo asubuhi nimewaambia hospitali. Kuufuta kuliangusha majaribio upya, na jana ilikuwa Ijumaa. Wenzangu hawajui lolote, wakadai keki yao. Nikawaokea ile ya tufaha ya Mama, nikawakatia, nikasimama kuwatazama wakila.

Nisalimie Dorthe na watoto. Usiniandikie kwamba umenisamehe, sitaweza kuisoma barua hiyo. Nenda tu makaburini ukamwambie Mama kwamba hukuchelewa.

Ni mimi, mdogo wako,
Vibeke