Fundo la Nyanya Bosibori

Nanyuki,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza kabla ya wengine wote. Goti la kushoto linaendeleaje? Usiniambie limepona, maana nakujua, hata ukianguka utasema ulikuwa unakaa. Namsalimu kaka yangu Onsongo pamoja na mgongo wake wa kubeba majani chai, na mwambie akinyeshewa shambani asikae na shati hilo hilo mpaka jioni. Namsalimu wifi yangu Kerubo, ambaye ndiye anakusomea haya. Kerubo, soma pole pole na usiruke, halafu umgeuzie Mama kwa lugha yetu, maana mimi kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili tu na hata hicho niliachia darasa la saba. Namsalimu yule ng'ombe mkorofi. Namsalimu mtoto wangu Nyaboke mara nyingi kuliko nafasi iliyoko kwenye karatasi. Je, anakunywa maji yaliyochemshwa? Sweta anavaa asubuhi ama analificha kwenye mfuko wa shule? Barabara ya kwenda Magwagwa sokoni anavuka na wenzake ama anakimbia peke yake? Lile jino lililokuwa linacheza limetoka?

Baba Nyaboke akitoka Keumbu kuja kumwona mtoto, najua anasimama pale nje kwenye ua, na wewe unamwitikia ukiwa jikoni, hamwonani hata kisigino, kama inavyotakiwa mkwe na mama mkwe. Basi mpelekee salamu zangu hivyo hivyo, kwa kupaza sauti. Mwambie barua yake inakuja. Hii yako imetangulia kwa sababu ina swali ambalo hakuna mwingine wa kulijibu.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku inafanya ile ya Kiabonyoru ionekane mchezo wa watoto, lakini nimezoea, navaa soksi mbili. Nimeona afadhali niandike kuliko kupiga simu, kwa sababu simu ya Onsongo inasikika mpaka kwa majirani, na wewe ukiongea kwa simu unapiga kelele kama unaniita ng'ambo ya mto. Jambo hili si la kupigiwa kelele.

Mama, mwaka umeisha. Ule mwaka uliosema hautaisha, umeisha, na mimi nimepita mtihani. Nilipoitwa ukumbini walisoma majina yangu yote matatu, nikafikiri ni mtu mwingine, nikakaa. Ni Njeri, yule msichana tunayelala naye chumba kimoja, aliyenisukuma akasema, "Mathe, simama, ni wewe." Nikasimama. Nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, lakini nilifika mbele, nikapewa cheti kimeandikwa Moraa. Nimekiweka katikati ya makaratasi magumu, chini ya godoro, na kila asubuhi nainua godoro kidogo nikiangalie kama bado kiko.

Nataka ujue vile ilikuwa, maana kwenye simu nilikuwa nasema tu niko sawa. Sikuwa sawa. Nilipofika hapa kusomea kazi ya kutunza wazee, wenzangu wote walikuwa wasichana waliotoka sekondari juzi. Wao mwalimu akisema neno wanaandika kabla hajalimaliza. Mimi nilikuwa bado natafuta kalamu. Mtihani wa kwanza nilikuwa wa mwisho, na wa pili pia nilikuwa wa mwisho, ila wa mwisho aliye karibu na wenzake. Nikaenda chooni nikalia nikikumbuka Nyaboke alivyoshika leso yangu siku ile naondoka. Nikajiuliza, mama gani anamwacha mtoto ili akawe wa mwisho? Lakini nilikumbuka pia wewe ulivyosema, kwamba nikirudi kabla ya mwaka kuisha nisipitie kwako, nipitie kwa mume wangu moja kwa moja. Ulinisaidia kwa ukali huo.

Njeri akaanza kunisomea jioni nami namsuka nywele. Ndivyo tulivyoenda. Nikajua kupima presha. Nikajua kumgeuza mtu mzito kitandani bila kumuumiza na bila kujivunja kiuno. Nikajua kuosha kidonda cha mtu aliyelala sana. Bi. Mumbi, ambaye ndiye msimamizi wetu na ambaye sifa kwake ni kama mvua ya Januari, siku moja aliwaambia wengine, "Mtazameni Moraa anavyomgeuza." Hakuongeza neno, lakini siku hiyo nilikula vizuri.

Sasa Kerubo, ukifika hapa mtume Nyaboke akaangalie kama kuku ametaga. Yanayofuata si ya mtoto.

Kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja wa kumtunza mpaka mwisho, kumlisha, kumwosha, kila kitu, na kwa mzee huyo ndiyo unapewa alama. Mimi nikapewa Mzee Nyakundi, ambaye miguu imekataa na mkono mmoja unatetemeka. Asubuhi ya kwanza niliingia na karai la maji na sabuni, nikamsalimu kwa Kiswahili. Akaniangalia, akanisalimu kwa lugha yetu. Mama, kusikia lugha yetu huku, nilitaka kukaa chini. Hapo ndipo tulipokosea sisi wawili. Tuliulizana nyumbani ni wapi.

Unajua sisi, hatuwezi kuacha kuulizana. Akasema yeye ni wa Keumbu, alikuja huku kijana kupika kwenye shamba la mzungu akasahau kurudi. Nami kwa furaha nikasema nimeolewa Keumbu. Kwa nani? Nikataja baba mkwe wangu.  Mzee akavuta blanketi mpaka kidevuni. Alisema huyo ni ndugu yake kwa mlango mmoja. Kumbe mimi ni mke wa mwanawe, na karai liko mkononi.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mlango. Yeye akageukia ukuta wa kulia, mimi nikageukia wa kushoto. Bi. Mumbi akaingia akatukuta hivyo, akauliza kama tumegombana. Mimi nitamweleza nini mtu wa huku juu ya ensoni, ile haya yetu ya wakwe? Nikasema huyu ni kama baba wa mume wangu, siwezi kumwona mwili, hata chumbani mwake sikutakiwa kuingia. Akasema hapa hakuna baba mkwe, kuna mgonjwa. Mzee akajibu kutoka ukutani kwamba mgonjwa yuko lakini baba mkwe pia yuko.

Bi. Mumbi si mtu mbaya. Alisema angekuwa na mzee mwingine wa kunibadilishia angenibadilishia, lakini wote wameshagawanywa, na asiyeosha mzee wake hapiti. Akanipa muda kidogo nifikirie. Njeri akawa anamwosha badala yangu, naye anajua kuandika kuliko kuosha. Alimwacha na sabuni masikioni. Aliniambia, "Si ujifanye hukumuuliza?" Nikamwambia neno likishaingia sikioni halitoki kama sabuni.

Mama, sikulala vizuri. Niliona mwaka wote unamwagika kwa sababu ya salamu. Na nikifikiria kumwosha naona watu wa Keumbu wote wamesimama mlangoni.

Basi asubuhi moja nilikuwa chumbani mwake, siku hizo nilikuwa naingia macho chini, nachukua mashuka machafu natoka. Nikayakunja, nikayafunga mzigo kwa kitambaa, kwa lile fundo letu. Wewe unalijua, lile tunalofungia mboga za chinsaga kwa kamba ya mgomba tukienda kuuza, ncha zinaingia ndani hazionekani. Lile unalosema ndicho kitu pekee mama yako alikuachia, maana Nyanya Bosibori alikufa ukiwa msichana wa kuchunga mbuzi na wengine wa kwao hukuwajua.

Mzee akasema kutoka kitandani, "Nani alikufundisha kufunga hivyo?"

Nikasema ni mama yangu. Akasema marehemu mke wake alikuwa anafunga kila kitu hivyo, mpaka sukari, na yeye akitaka chai anatafuta kisu huku mkewe anamcheka, anamwambia vidole vya Keumbu ni vya kula tu. Mke huyo aliitwa Kemunto. Alitoka upande wa Magwagwa.

Nikaweka mzigo chini. Akaniuliza aliyemfundisha mama yangu ni nani. Nikasema ni Nyanya Bosibori. Akaanza kuhesabu vidole juu ya blanketi. Kisha akasema, "Kemunto alikuwa na dada mkubwa. Alikuwa anaitwa Bosibori."

Mama, mimi sijui kama alikumbuka ama aliamua kukumbuka. Alikuwa na ndevu za wiki nzima na sabuni ya Njeri. Lakini aliendelea kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini: kama Bosibori ni dada ya Kemunto, basi mama yangu mimi ni mtoto wao, na mimi ni mjukuu, na huo ni udugu wa damu ya Kemunto, umetangulia kabla sijaolewa na mtu yeyote wa Keumbu. Mimi nikamwita sokoro, babu. Akashusha blanketi, akasema, "Basi, mke wangu mdogo, lete maji, na yasiwe baridi kama ya yule mwenzako."

Nilimwosha. Nilimwosha vizuri, mpaka nyuma ya masikio. Kuanzia hapo akawa ananitania kila siku vile babu anavyomtania mjukuu, kwamba nimemnyima mahari, kwamba uji wangu utamfanya aoe tena. Njeri alishangaa, akauliza mbona jana alikuwa baba mkwe na leo ni bwana. Nikamwambia tumehesabu upya.

Ila unanijua moyo wangu. Onsongo aliposema kwa simu Nyaboke ana homa, nilijua ni mimi. Nilisema nimevunja kitu na mtoto ndiye analipa. Nilisali siku hiyo nzima ya Sabato. Aliposema amepona na ameenda shule, nilipumua, lakini swali halikuondoka.

Siku ya vyeti kila mtu alikuwa na watu wake wa kupiga picha nao. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nikaona Mzee Nyakundi anasukumwa kwa kiti chake, amevaa koti na tai, ndevu nimemnyoa mwenyewe. Akawaambia watu wote, kwa Kiswahili ili wasikie, "Huyu ni mjukuu wangu." Bi. Mumbi alinishika bega. Ile picha nitakutumia.

Sasa swali ndilo hili, na ukiona nimezunguka sana ni kwa kuogopa. Mtoto mkubwa wa Mzee Nyakundi anakuja mwisho wa mwezi kumrudisha nyumbani Keumbu. Mzee amemwambia hataki mtu mwingine wa kumtunza ila mimi, na mtoto amekubali. Ni kazi, Mama, ya cheti changu, na ni nyumbani. Nitalala kwa mume wangu, na Nyaboke nitamfuata nimchukue tukae pamoja. Lakini huku tulikuwa wawili tu tunaojua hesabu yetu. Keumbu kila mtu ananijua kama mke wa boma. Nikionekana na karai kwenye mlango wa Mzee Nyakundi wataniuliza mimi ni nani wake, na sitaki kujibu kwa kubahatisha. Kama Nyanya Bosibori alikuwa na dada mdogo aliyeitwa Kemunto akaolewa Keumbu, nitajibu nikiwa nimeinua kichwa, na nakuja nyumbani. Kama hakuwa naye, nitabaki huku nitafute mzee wa kabila lingine.

Uliza pia yule mama mzee wa kanisani anayekaa benchi ya mbele, yeye alikuwa jirani ya nyanya. Muulize kabla hajaanza kusinzia.

Msalimie mchungaji, na mwalimu wa Nyaboke, na mama wa duka anayekukopesha chumvi na maneno. Onsongo mwambie cheti kina muhuri, maana najua ataulizia. Baba Nyaboke mwambie asitengeneze kitanda kwanza, angoje neno lako, lakini miguu ya kitanda aiangalie tu.

Nakuomba, Mama, kama hukumbuki huyo dada, usikimbilie kusema hakuwepo. Chukua kamba ya mgomba, funga chinsaga, kaa na fundo mkononi kidogo, ukumbuke polepole. Kisha Onsongo anipigie aseme tu alikuwepo. Jibu upesi. Sanduku la mzee limeshajaa, na nimelifunga kwa fundo letu.

Ni mimi mtoto wako,
Moraa, Mama Nyaboke