Paa la Mama Kulwa

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalificha ukienda kuchota maji? Najua utasema limepoa. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa nakudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Unajua nilipewa kazi ya kubuni vigae vya kuezekea. Vigae vyetu ni vyembamba, basi tunavipaka kivuli ukingoni ili paa lionekane nene. Kivuli changu nilikitoa kwenye mawe ya kilima kilicho nyuma ya karakana: chini ya kila jiwe kuna weusi, nao ndio unaofanya jiwe lionekane nene. Bosi alikipenda, akaamuru vitengenezwe vigae vya nyumba nzima ya Mama Kulwa, mjane wa Usagara.

Juzi tuliezeka upande mmoja. Mama Kulwa alisimama uani akatazama mpaka mafundi wakaacha kugonga. Akasema hakujinyima miaka yote ili alale chini ya masizi. Kwao, kama kwetu, paa jeusi ni la jikoni. Nikaanza kumweleza habari za mawe, kumbe natwanga maji kwenye kinu.

Akanikatiza, "Binti, mama yako mzazi ungemwezekea hivi?"

Nilitaka kusema ndiyo, ulimi ukagoma. Niliona aibu sana, mama.

Sasa upande wa pili uko wazi na mawingu yanajaa juu ya ziwa. Bosi amesema vigae vikikataliwa, vitabaki karakanani na mimi nitaondoka. Mama Kulwa naye jibu langu halitaki tena. Anataka lako.

Kwa hiyo kondakta aliyekuletea barua hii amebeba na kigae kimoja. Kiegemeze juani, ukitazame asubuhi na jioni, halafu unipigie. Nitakuwa uani kwake, nitampa simu akusikie mwenyewe.

Msalimie shangazi, mwambie aniombee huko kwaya. Kaka Magesa naye msalimie, lakini kigae usimwonyeshe. Ananipenda, atakufundisha la kusema.

Na wewe usinihurumie, mama. Masizi unayajua kuliko mimi. Ukiona kivuli, sema kivuli. Ukiona masizi, sema masizi, nami nitafunga virago nije.

Ni mimi binti yako, mwenye hofu,
Nyangeta