Jina la Salim Ndani ya Jezi

Dada Zuhura,

Basi ule mpira wa Kiaustralia uliokuchekesha kwenye simu, jana umeniliza kwa furaha. Klabu ya mume wangu hapa Woolwich ilianzishwa na vijana wa Australia waliokumbuka kwao, na ndani ya kila jezi yameshonwa majina ya wote walioivaa. Jina huingia siku mchezaji anaposhinda mara ya kwanza, na hulishona mtu wa nyumbani kwake. Salim wangu alikuwa hajashinda hata mechi moja. Jana mwishoni, timu ikiwa nyuma, aliruka juu ya mabega ya watu, akaudaka mpira, akaupiga katikati ya milingoti, tukashinda. Dada, nimeolewa na ndege!

Wenzake walimzunguka wakiimba, wakammwagia maji badala ya bia, maana wanamjua. Mzee Kevin, mwanzilishi, ambaye jina lake ndilo la kwanza katika jezi ile, akanipa sindano.

"Usiogope, bibi harusi. La kwangu mama alilipinda."

Nikashona kwa mshono wa kofia aliotufundisha Mama, ule ule niliomshonea Salim kofia ya harusi. Mzee akavaa miwani, akatazama kwa muda.

"Sasa haya mengine yataona haya," akasema.

Salim hataki kuivua jezi. Mwambie Mama mshono wake umeingia katika historia ya watu. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika Pemba, nije niubusu mkono wake.

Mdogo wako akupendaye,
Maryam