Unga wa Kijani wa Kikwe

Kikwe, 4 Machi 2024

Mpwa wangu Godbless,

Salamu kwako na kwa mama watoto hapo Olasiti. Kifua kimenibana, na daktari ameacha kunidanganya, kwa hiyo nami sina sababu ya kudanganya mtu.

Jana jirani yangu Catherine alikuja kunijulia hali na mwanawe Irine, wa miezi minane. Akachota unga wa kijani kutoka kwenye kopo lenye picha yangu, akautia kwenye uji wa mtoto. "Si umeuthibitisha mwenyewe, Mwalimu?" akasema akicheka.

Mabwawa yetu ya mwani, ule ukungu wa kijani wa majini, niliyachora kwa ajili ya mafuta. Tuliukuza tuukamue mafuta, tuendeshee mashine ya kusaga. Tuliyajaza maji ya kisima kwa sababu injini haina meno. Madini ya floraidi ya kisima kile ndiyo yaliyotupa sote meno ya kahawia. Mafuta yalipokosa faida, ukaanza kuukausha na kuusaga mwani uleule, ukawauzia akina mama kama lishe ya watoto. Nilijua. Nikakuachia picha yangu nikanyamaza, kwa kuwa nilipenda kuitwa mtaalamu.

Komesha wiki hii.

Mjomba wako,
Sumari

Olasiti, 11 Machi

Shikamoo mjomba. Pole na kifua, sote tunakuombea.

Maji hayo umeyanywa miaka themanini, na kwa meno hayohayo umefundisha nusu ya wilaya. Kijiko kimoja ni kitu gani? Kuna mzigo Nizar ameagiza pale dukani kwake Kaloleni. Uishe kwanza, halafu tuhamie maji ya mvua. Usijichoshe. Pumzika, mjomba.

Mpwa wako,
Godbless

Kikwe, 17 Machi

Godbless,

Leo sikuulizi hali. Unaniambia nipumzike, yaani nife kabla mzigo haujaisha. Maji yakikauka juu ya turubai, floraidi inabaki kwenye unga. Hilo nilikufundisha kidato cha pili.

Asubuhi nimebebwa hadi kanisani. Wakati wa matangazo mchungaji akanipa kipaza sauti, nikasema yote, kwa jina langu na lako. Nizar nimempigia simu. Amekataa mzigo, na amekasirika kwamba hakuambiwa.

Akina mama hawakupiga kelele. Catherine alisimama, Irine mgongoni. "Mwalimu, siku ile ulikuwa unaniangalia nikimlisha. Mbona hukunishika mkono?"

Jumapili ijayo watakuuliza wewe. Njoo, hata kama mimi sitakuwepo.

Mjomba wako